Salamu za Baba Hazimo

Bububu, Unguja
7 Juni 1970

Dada yangu Sheikha,

Shikamoo. Nnatumai barua hii itakukuta umekaa kitako unapumua, si mbio mbio kama ulivyozoea, na kwamba shemeji Hamoud na watoto wote hawajambo. Sisi huku wazima. Mimi nilishikwa na mafua, sauti ikapotea, nikawa nasomesha kwa kuandika ubaoni tu, na watoto wakafurahi sana. Kanga zimefika, na sabuni, na kikoi cha Baba. Bi Kidawa wa nyumba ya pili amezishika kanga, amezigeuza huku na huku, akasema Mombasa bado wanajua kuchagua. Mchele ni wa foleni lakini tunapata. Nyumba hii ya Bububu, ingawa ndogo, tumeshaizoea. Siku hizi nikienda mjini hata sipiti tena Malindi kuitazama ile nyumba yetu ya zamani.

Sasa nikupe la kuchekesha. Unamkumbuka yule Mjerumani niliyekuandikia habari zake, aliyekuja kujenga majumba ya Kikwajuni, na Baba akawa anamsaidia useremala siku za mapumziko? Amerudi kwao, na amemwachia Baba kile chombo walichokiunda pamoja. Si ngalawa, si mashua. Ni viboti viwili vyembamba vilivyolala ubavu kwa ubavu, vimeshikizwa kwa miti miwili, na katikati pametandikwa wavu wa kukalia. Mlingoti mmoja, tanga moja, na sukani mbili zinazoendeshwa kwa mkono mmoja. Mjerumani alikuwa na jina lake refu la kukiita. Watoto wa hapa wanakiita Suruali.

Na Baba ananifundisha mimi kukiendesha. Mwanzo hatukugusa maji kabisa. Chombo kiko mchangani, mimi nimekaa juu ya wavu nimeshika demani, ile kamba ya kuvutia tanga, na Baba amesimama mbele yangu anapiga makelele kama kuna tufani. "Upepo uko wapi?" Nikionyesha kwa kidole ananipiga kofi la mkono. Hataki kidole. Anataka nifumbe macho niujue upepo kwa shingo na masikio. Jumapili iliyopita ndiyo tumeingia majini, tukaenda mpaka kwenye mitego ya samaki ya mvuvi Makungu tukarudi. Mguu mmoja wa Suruali uliinuka juu, nikadhani nshakufa, na Baba akacheka mpaka akashika mbavu. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tulipomzika Mama.

Nilitaka ujue na wewe. Nibusie watoto.

Mdogo wako,
Kulthum


Mombasa
2 Julai 1970

Kulthum,

Marahaba. Barua imefika, bahasha imefunguliwa na kugandishwa tena, kwa hivyo nawasalimu na hao waliosoma kabla yangu. Huku tuko. Mwanakheir amengʼoka meno mawili ya mbele na hataki kucheka mbele za watu. Hamoud mgongo unamsumbua, mzigo wa ghalani si kazi ya mtu wa umri wake, lakini ndiyo kazi iliyopo. Pole na mafua. Kunywa tangawizi, usinywe maji ya barafu.

Barua yako niliisoma jikoni nikaiweka juu ya kabati. Usiku nikaichukua nikaisoma tena. Nikajiuliza, huyu Baba anayeandikwa hapa ni baba yupi?

Maana mimi nnayemjua alinichapa bakora pwani ya Malindi mbele ya wavuvi, nina miaka kumi na miwili, kwa kosa la kuingia ndani ya ngalawa ya watu na kuvuta tanga. Wewe ulikuwa bado unabebwa kwa mbeleko, hukumbuki. Nilikuwa nimekwenda nayo na nimerudi nayo, Kulthum, peke yangu, haikuingia hata kata moja ya maji. Nilidhani atafurahi. Nimerukia mchangani nnacheka, na yeye tayari ana fimbo. Akasema mtoto wa kike akishika tanga ataolewa na nani. Mwaka mzima nilimbembeleza. Nikamwambia nifundishe hata kwa kukaa tu ubavuni mwako. Akaniambia nikamsaidie Mama kuchambua mchele.

Basi mimi nikachambua mchele, nikaolewa, nikaondoka na mume wangu mwaka wa sitini na nne na begi moja. Na wewe uliyekuwa ukilia ukioshwa miguu kwa maji ya bahari, leo ndiye unayefumbishwa macho uujue upepo. Haya. Na nikuulize lile aliloniuliza mimi: wewe utaolewa na nani?

Jambo jingine. Nimeisoma barua yako juu mpaka chini nikitafuta salamu za Baba. Za Bi Kidawa ziko. Za Baba hazimo. Umesahau wewe kuandika, au amesahau yeye kutoa?

Dada yako,
Sheikha


Bububu
16 Agosti 1970

Dada Sheikha,

Shikamoo. Nnamshukuru Mungu kwa uzima wenu. Mwambie Mwanakheir acheke tu, meno yatarudi. Shemeji apakwe mafuta ya mkaratusi mgongoni na asilale kwenye godoro laini. Sisi wazima. Bi Kidawa anaendelea na chuo chake cha Kurani, watoto wamezidi, siku hizi wanakaa mpaka barazani kwetu.

Umeniuliza ntaolewa na nani. Masoud, yule mwalimu mwenzangu, alileta posa mwaka juzi. Wewe hukuambiwa kwa sababu mimi sikutaka uambiwe. Alitaka tukakae Makunduchi alikohamishiwa. Nikamwambia Baba atabaki na nani? Akasubiri, akachoka, ameoa. Sisemi hivi ili unionee huruma. Nnasema kwa kuwa umeuliza kama mtu anayejua jibu.

Habari za Suruali: nnajifunza kubisha, yaani kwenda kule upepo unakotoka, kwa kukata huku na huku. Ngalawa inageuka upesi. Suruali ina miguu miwili na kila mguu una mawazo yake. Ukichelewa kidogo inasimama, pua iko kwenye upepo, tanga linapigapiga, haiendi mbele wala nyuma. Mwezi mzima mimi nnasimama tu pale katikati ya bahari mbele ya wavuvi wanaonitazama. Baba hanisaidii. Anakunja mikono anasema, "Umeiingiza mwenyewe, itoe mwenyewe." Juzi nikaitoa. Nimelisukuma tanga kwa mkono upande wa pili, sukani nimezigeuza kinyume, ikarudi nyuma kidogo kisha ikashika njia. Baba akanishika kichwa kwa mikono miwili. Hakusema kitu. Mimi ni mtu mzima lakini nililia, na sioni haya kukwambia.

Mtaani wananisema. Mwalimu amevaa suruali na amepanda Suruali, ndiyo mzaha wa Bi Kidawa, na sasa ni wa kila mtu. Na waniseme.

Habari ya salamu. Baba hajambo. Ni mzee, dada. Usimhesabie salamu.

Mdogo wako,
Kulthum


Mombasa
9 Septemba 1970

Kulthum,

Marahaba. Watoto hawajambo. Hamoud amepata nafuu. Basi, hizo ndizo habari, nisije nikaambiwa sina adabu ya barua.

Nnakuonea wivu. Nimeona niliseme lenyewe, maana tangu nilipopata barua yako ya mwanzo nnalizunguka zunguka. Nnakuonea wivu mpaka nachoma chapati. Juzi Hamoud ameniuliza nnanung'unika nini peke yangu, kumbe nnakujibu wewe. Nikipita feri ya Likoni nikayaona matanga, nnageuza uso. Ulipoandika kwamba amekushika kichwa kwa mikono miwili nilitaka kuichana barua. Mimi Baba hajanishika kichwa. Siku ya harusi yangu alinipa mkono, kama anampa mkono mgeni wa Hamoud.

Ningeweza kuvumilia kama angekuwa amebadilika tu kwa uzee, akawa baba mpole kwetu sote. Lakini hata salamu hanipi. Kutoa salamu hakutaki kalamu, Kulthum. Mtu anasema "nisalimie Sheikha" akiwa anakwenda zake chooni. Wapemba waliokuja hapa mwaka huu wameniletea salamu za watu nisiowajua sura zao. Baba yangu mzazi hana. Kwa hivyo ama amenitoa moyoni, ama wewe unazipokea salamu zangu unazikalia.

Sasa sikiliza. Mtu amlete Baba huku. Hamoud amekubali, chumba cha mbele ni chake, na daktari yupo karibu. Umekaa naye miaka sita, imetosha, na mimi ni mtoto wake. Hayo mafunzo yaache. Mzee wa miaka sabini hana kazi ya kushinda juani kumfundisha mwalimu wa skuli kuchezea boti. Msomee barua hii neno kwa neno, kisha niandikie amejibu nini.

Sheikha


Mombasa
20 Oktoba 1970

Kulthum,

Hujajibu. Nnajua posta yenu, nnajua na wewe. Huu si uzembe wa posta.

Nakuarifu kwamba nimemwandikia Baba barua yake mwenyewe. Nimeiandika kwa herufi za Kiarabu ili Bi Kidawa aisome, na nimemwomba amsomee barazani, wewe ukiwa skuli. Nimemuuliza Baba kwa nini kilichokuwa haramu kwangu kimekuwa halali kwako. Nimemwambia chumba chake kipo tayari. Ntalisubiri jibu lake, si lako.

Ramadhani njema, inakaribia.

Sheikha


Bububu
4 Desemba 1970

Dada Sheikha,

Shikamoo, na Idi Mubarak. Tumeifunga yote salama. Idi tumepika bokoboko kidogo, Bi Kidawa ametuletea tende, na Baba amevaa kikoi chako kwenda kusali.

Barua yako aliyopelekewa Bi Kidawa imesomwa. Nilirudi skuli nikamkuta Bi Kidawa amekaa barazani ameshika ile karatasi, macho mekundu, na Baba yuko nyuma anasuka wavu, anapiga mluzi. Nikamuuliza Bi Kidawa, imekuwaje? Akasema: "Nimemsomea mpaka mwisho. Akanisikiliza vizuri. Kisha akanambia, huyu ni nani anayejifanya Sheikha? Sheikha si yuko skuli, anarudi sasa hivi."

Basi nimefika mwisho wa kuficha. Dada, Baba ananiita Sheikha.

Ilianza siku ile Mjerumani alipokileta chombo. Nilikuwa jikoni nnapika, Baba akaja mlangoni akasema, "Sheikha, njoo nikuoneshe kitu." Wewe unajua wazee wanavyochanganya majina, wanaita majina yote ndiyo wampate wanayemtaka. Nikaitika, naam. Ningefanya nini, nimwambie mzee kakosea jina? Nikaenda. Kosa langu ni lile naam. Maana tangu hapo hajanitoa tena humo. Akaniweka kwenye wavu, akaikamata demani, akasema, "Leo sikupigi. Leo nakufundisha."

Mwanzo nikadhani yatampita. Mambo mengine yote yuko sawa, sala zake anajua, bei ya samaki anajua, baharini hakosei hata kidogo. Kitu kimoja tu kimegeuka kichwani mwake. Wewe uko hapa, na mimi ndiye niliyeolewa Mombasa. Ndiyo sababu salamu hazimo. Mtu hamtumii salamu aliye naye nyumbani. Barua zako nimeacha kumsomea tangu Mei, kwa sababu nikitaja "Sheikha anakusalimu" ananitazama kwa wasiwasi, kisha siku nzima hatulii.

Umesema unanionea wivu. Sasa ngoja na mimi niseme, maana nimekuwa nnakula hasira zangu peke yangu. Mimi nimekaa. Uji wake naupika mimi. Siku tulipoitoka nyumba ya Malindi, nilimshika mkono mimi, ngazi kwa ngazi, akiwa hataki kutazama nyuma. Posa ya Masoud nimeiacha mimi. Na kila ninapofanya vizuri kule majini, anayesifiwa ni wewe. Aliponishika kichwa kwa mikono miwili, nilikuficha, alisema neno. Alisema, "Nilijua tangu Malindi kwamba unaweza, Sheikha." Nililia kwa hilo. Wewe ulidhani nimelia kwa furaha, na mimi nilikuacha udhani hivyo, nikaona angalau na wewe uumie.

Siku moja sikuweza kujizuia. Tumekaa majini, upepo umetulia. Nikamuuliza, "Baba, na Kulthum je?" Akafikiri. Akasema, "Kulthum yuko Mombasa na mumewe. Hajambo." Kisha akanambia vuta demani, tanga limelegea. Hivyo tu, dada. Hakuuliza lini nitakuja.

Ndiyo nakwambia, mchukue kama unataka. Lakini ukimchukua utamwambia wewe ni nani? Na mimi hapa nitabaki na jina gani?

Kulthum


Mombasa
28 Desemba 1970

Mdogo wangu Kulthum,

Marahaba, na Idi yako imepokewa. Huku sote wazima.

Barua yako nimekuwa nayo siku nyingi kabla ya kuishika kalamu. Sitakudanganya: kitu cha kwanza nilichosikia si huruma. Nilifurahi. Nilikaa kitandani na kanga mdomoni, nikafurahi peke yangu kwamba kumbe ni mimi, kumbe miezi yote ile ilikuwa ni mimi. Nikakumbuka bakora zile, nikaona zimelipwa. Ilinichukua mpaka jioni ndiyo nikakufikiria wewe umekaa juu ya wavu unaitika jina langu. Unisamehe kwa hiyo saa nzima, au ilikuwa zaidi.

Kisha wivu ukarudi, mbaya zaidi. Kwa sababu maneno yale nimeambiwa mimi, na aliyeyasikia ni wewe. "Leo sikupigi, leo nakufundisha." Nimengoja miaka ishirini na tano nisikie hayo, na yalipotamkwa nilikuwa huku nnapima unga. Wewe umepata sikio na mimi nimepata jina, na hakuna kati yetu aliyetosheka.

Simchukui. Nimelitoa hilo.

Lakini nnakuja. Hamoud anaogopa nikiingia sitaruhusiwa kutoka, amenisihi, tumegombana, tumepatana. Nitakuja Idi ya Mfunguo Tatu, ile ya kuchinja, peke yangu, nitakaa siku chache. Na nimefikiri nitakujaje. Nikija mimi Sheikha, kutakuwa na Sheikha wawili mlangoni, na mzee atavurugika, na wewe utafukuzwa kwenye chombo au mimi nitafukuzwa nyumbani. Kwa hivyo usimwambie. Mwambie Kulthum anakuja kutoka Mombasa kumtazama. Nitaingia kwa jina lako. Nnataka nione kwa macho yangu atakupokea vipi.

Sheikha


Bububu
19 Januari 1971

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima, barua fupi kwa sababu mchukuaji anaondoka.

Nimemwambia. Nikasema, "Baba, Kulthum anakuja Mfunguo Tatu." Akasema alhamdulillahi. Akauliza kama bado anaogopa maji. Nikamwambia sijui, tutamuuliza akija.

Uje na mafuta ya nazi, huku yameadimika. Nnakungoja, na nnaogopa.

Kulthum


Mombasa
21 Februari 1971

Mdogo wangu,

Nimefika salama, nimemkuta Hamoud amekonda kwa wasiwasi na watoto wamezoea kula mkate asubuhi mpaka usiku. Forodhani pale walinifungulia begi, wakanihoji, wakaniacha. Mwanakheir anakushukuru kwa ile kofia ya ukili, analala nayo. Mwambie Bi Kidawa halua yake imefika nzima.

Nimekwambia mengi tulipokuwa pamoja, lakini moja sikukwambia, na hili nimeona niliandike kwa sababu ukinitazama nisingeweza.

Unajua alivyonipokea barazani. Ulikuwepo. Amenipa mkono, akanitazama sana, akasema, "Kulthum, Mombasa imekuzeesha." Wewe ulicheka ukakimbilia ndani, nami nikajua hukuwa unacheka. Ukaja na chai ukaniwekea mimi kikombe cha wageni. Siku ile ya pili nilimwambia, Baba, na mimi nifundishe tanga. Uliniona nilivyokuwa nimejikaza. Mwanamke wa miaka thelathini na saba, nina watoto, nimevaa suruali yako iliyonibana. Akasema, "Wewe hapana. Wewe ulikuwa ukilia ukioshwa miguu. Kaa katikati utulie, mwache dada yako afanye kazi." Umeona? Mara ya pili amenikatalia. Safari hii nimekataliwa kwa jina lako, na nilikasirika kama nina miaka kumi na miwili, nikakaa pale kwenye wavu nimenuna mpaka tumevuka mitego ya Makungu.

Kisha nikakutazama. Ulikuwa nyuma umeshika sukani, umefumba macho, umeinamisha shingo kidogo. Ukabisha mara moja tu, Suruali ikageuka bila kusimama, ukahamia upande wa pili na demani mkononi kabla mimi sijajua kinachotokea. Kulthum, mimi sijui kufanya hivyo. Siku ile ya Malindi kwenda upepo ulikuwa wa nyuma, kurudi nilivutwa na mkondo, nilikuwa mtoto mwenye bahati. Miaka yote hii nimekuwa nikimwona yule msichana anayeendesha vizuri, na yule msichana hakuwepo. Aliyekuwepo ni wewe. Niliona wivu mpaka machozi yakanitoka, na sikuwa na pa kuyaficha, kile chombo hakina pembe.

Baba akaniona. Alikuwa amekaa karibu yangu, magoti yake yamegusa yangu. Nilidhani atasema ni maji ya chumvi. Akaniwekea mkono kichwani, akaniinamia sikioni, wewe upepo ulikuwa unakupigia upande ule usingesikia. Akasema:

"Usilie, Kulthum. Nnajua wewe ndiye uliyenipikia uji. Najua. Dada yako nna deni lake, wacha nilimalize kwanza."

Kisha akakugeukia akakupigia kelele kwamba tanga limelegea, na uso wake ukawa ule ule wa mwanzo.

Sijui alikuwa ametoka wapi kwa dakika ile, wala amerudi wapi. Sikuuliza. Usiku tulipolala pamoja nilitaka kukwambia, nikageukia ukutani, kwa sababu nilitaka nibaki na siri hiyo kidogo. Mkono wake ulikuwa kichwani mwangu mimi. Nimesafiri nayo mpaka huku, nimekaa nayo wiki nzima nikiifungua na kuifunga. Lakini mkono ndio wangu tu. Maneno ni yako, alikutaja kwa jina lako.

Sheikha